Kunasa, Kunata na Kuungana: Mambo Yanayoathiri Mshiko wa Utando wa Metali Uliopuliziwa juu ya Chuma

Utangulizi

Katika kijiji cha Rukanga, chini ya Mlima Kasigau katika Kaunti ya Taita Taveta, chuma ni mshirika wa maji. Maji ya mlimani hushuka kwa mabomba. Maji ya mvua hukingwa kwa mabati ya paa, nalo tangi la kuyahifadhi mara nyingi huinuliwa juu ya jukwaa la vyuma vilivyochomelewa. Nyanda zinazouzunguka mlima huo ni kame, na visima vingi vya nyanda za chini za Taita hutoa maji yenye chumvi. Kwa hiyo mguu wa jukwaa ukiliwa na kutu hata ukakunjika, hasara haihesabiwi kwa bei ya chuma peke yake. Huhesabiwa pia kwa mwendo wa yule atakayelazimika kuyafuata maji mbali, tena katika nchi ya ndovu.

Kinga ya chuma inayofahamika zaidi nchini Kenya ni zinki. Mabati yaliyo mengi hupata ngozi yake kwa kutumbukizwa katika metali iliyoyeyuka, iwe ni zinki au mchanganyiko wa alumini na zinki kama ule unaotumika katika kiwanda cha Mariakani, kando ya barabara iyo hiyo itokayo Mombasa kwenda Voi. Ngozi ya namna hiyo hushika barabara. Matatizo huanza pale bomba au chuma chenye zinki kinapokatwa na kuchomelewa. Zinki huyeyuka kwenye nyuzijoto 419 za Selsiasi na huchemka kwenye nyuzijoto 907, ilhali chuma chenyewe hakiyeyuki mpaka kipite nyuzijoto 1,500 au karibu yake. Kabla chuma hakijakubali kuungana, zinki iliyokizunguka imekwisha kupaa hewani kama moshi mweupe, moshi ambao humtia homa fundi anayeuvuta. Kinachobaki ni kiungo kilicho uchi, mahali pale pale ambapo mzigo wa tangi umeegemea.

Mojawapo ya njia za kukivisha tena kiungo hicho ni kupulizia metali, yaani kuyeyusha waya au unga wa metali na kuurusha kwa hewa juu ya chuma hadi ufanye utando. Makala haya yananuia kufafanua mambo yanayoufanya utando huo ushike au ubanduke. Hayadai kwamba kila kijiji kinahitaji karakana ya kazi hiyo. Rukanga imechukuliwa kuwa kipimo: mazingira yake ya vumbi, umande, jua kali na maji ya chumvi yanayaleta pamoja karibu maadui wote wa mshiko. Fauka ya hayo, viwango na miongozo ya kazi hii imeandikwa kwa lugha za kigeni, hali fundi wa Taita hufanya kazi yake kwa Kitaita na Kiswahili. Maelezo asiyoweza kuyasoma hayawezi kumlinda, wala kulilinda tangi lake.

Suala la istilahi

Yafaa kuanza na maneno, kwa sababu katika jambo hili Kiswahili kina utajiri ambao mwanasayansi angeuonea wivu. Katika makala haya, nguvu inayoufunga utando kwenye chuma inaitwa mshiko. Nguvu inayoyafunga matone ya utando wenyewe kwa wenyewe inaitwa mshikamano, kwa kuwa kiambishi cha kutendana kilichomo katika neno hilo kinaonyesha vitu vya jamii moja vinavyoshikana. Mambo hayo mawili ni tofauti, na atakayeyachanganya atatibu ugonjwa usiokuwepo.

Mshiko nao una namna tatu, na kila moja ina kitenzi chake. Mwiba hunasa katika nguo: haujaungana nayo, umejipachika tu katika nyuzi zake. Ubani uliotafunwa hunata ukutani: hakuna ndoano, kuna mvutano wa vitu viwili vilivyokaribiana mno. Kisha kuna kuungana, ambapo metali mbili huingiliana na kuzaa kitu cha tatu. Bati lililotumbukizwa katika zinki limeungana, kwani baina ya chuma na zinki huzuka matabaka ya mchanganyiko wa hizo mbili. Utando uliopuliziwa, kinyume chake, kwa sehemu kubwa umenasa tu. Kunata kupo, lakini ni kwa kiasi kidogo, na kuungana hutokea kwa nadra, katika madoa madogo madogo pale tone lilipofika likiwa na joto la kutosha.

Tofauti hiyo ndiyo ufunguo wa mjadala mzima. Kitu kinachoungana chaweza kusamehe uso uliosawazishwa na kung'arishwa. Kinachonasa hakina msamaha huo, maana kinahitaji pa kunasia. Ndiyo sababu hatima ya utando wa kupuliziwa huamuliwa, kwa kiasi kikubwa, kabla moto haujawashwa.

Safari ya tone

Mbinu hii ilibuniwa Uswisi na mhandisi Max Ulrich Schoop katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Husimuliwa kwamba wazo lilimjia alipowaona watoto wakifyatua vijiwe vya risasi ukutani, kila kimoja kikipigwa bapa na kuganda pale kilipogonga. Kiswahili, ambacho kwacho risasi ni metali na ni kombora vilevile, kingekipokea kisa hicho bila tafsiri.

Katika bastola ya kupulizia, waya wa zinki au alumini huyeyushwa kwa mwali wa asetilini na oksijeni, au kwa umeme unaoruka baina ya ncha za nyaya mbili. Hewa ya kompresa huipasua metali hiyo iliyoyeyuka ikawa matone yenye upana wa sehemu ndogo ya milimita, na kuyarusha kwa kasi inayoweza kuzidi mita 100 kwa sekunde. Safari hiyo ni ya shibiri moja hivi. Tone linapogonga chuma huwa bapa kama chapati na kuganda kwa muda ulio mfupi kuliko kufumba na kufumbua jicho. Chapati ya pili huangukia ya kwanza, ya tatu huangukia ya pili, mpaka utando unakuwa rundo la mamilioni ya chapati zilizopandana, pamoja na vitundu vya hewa na punje za oksidi baina yake.

Mambo mawili yafuata hapo. La kwanza ni kwamba chuma chenyewe hakipati joto kubwa. Bomba laweza kupuliziwa bila kupindika, na hiyo ni faida. La pili ni kwamba tone halina nafasi ya kuyeyusha uso wa chuma wala kuusafisha. Litaganda juu ya chochote litakachokikuta: chuma safi, kutu, mafuta ya kidole au vumbi jekundu la Taita. Likiganda juu ya vumbi, limelishika vumbi.

Maandalizi ya uso

Uchafu wa kwanza kuondolewa ni mafuta, na utaratibu hapa hauna mjadala. Mafuta huoshwa kwa kiyeyushi na vitambaa safi vinavyobadilishwa mara kwa mara, kabla ya kazi nyingine yoyote. Fundi anayeanza kupiga mchanga juu ya chuma chenye grisi huipigilia grisi hiyo ndani ya uso, na changarawe yake ikiokotwa na kutumiwa tena huipeleka kwenye kazi ya kesho.

Uchafu wa pili ni chumvi, nao ni mjanja zaidi kwa kuwa hauonekani. Chuma kilichokaa na kutu kwa muda mrefu, hasa kilichokuwa kikidondokewa na maji ya kisima cha chumvi, huficha chumvi hiyo ndani ya vishimo vya kutu. Changarawe yaweza kuking'arisha chuma na bado chumvi ikabaki chini ya vishimo. Utando ukishafunika, chumvi huvuta unyevu kupitia vitundu, kutu huanza upya chini kwa chini, na utando huinuliwa kutoka ndani. Dawa yake ni kuosha kwa maji matamu, kupiga changarawe, na kuosha tena pale panapotiliwa shaka, kisha kukausha na kupiga changarawe mara ya mwisho. Katika sehemu kama Rukanga neno "maji" lisiachwe hivi hivi katika maagizo, kwa sababu anayeoshea maji ya kisima cha chumvi anarudisha adui ndani ya nyumba. Maji yanayofaa ni ya mvua au ya mlimani, ambayo ndiyo yenye thamani kubwa zaidi kwa kunywa. Gharama hiyo yafaa kukubaliwa mapema, isije ikagunduliwa katikati ya kazi.

Baada ya hapo ndipo inapokuja kazi ya kuupa uso meno. Chuma hupigwa kwa changarawe kali inayorushwa na hewa ya kompresa mpaka kutu na lile gamba la kiwandani la rangi ya buluu-nyeusi viondoke kabisa, na uso wote ukawa mweupe wa kijivu usio na doa. Viwango vya kimataifa huita hali hiyo daraja la Sa 3, na kwa zinki na alumini za kupuliziwa hilo ndilo daraja linalotakiwa kwa kawaida. Brashi ya waya haifiki huko. Huondoa kutu iliyolegea na kuung'arisha uso, na kung'arisha ndiko kunakodanganya. Nyumba njema si mlango: chuma kilichosuguliwa kikametameta kinapendeza kwa macho, lakini matone hayapati pa kunasia.

Meno yanayotakiwa ni ya vilele na mabonde yenye kimo cha mikromita 50 hadi 100, yaani sehemu ya kumi ya milimita au nusu yake, takriban unene wa unywele wa mtu. Umbo la meno hayo lina uzito kuliko kimo chake. Punje za mviringo huacha vibonyeo vya mviringo, kama alama za mvua mchangani, na utando huteleza humo. Punje zenye ncha huchimba mifereji iliyoinama, yenye kingo zinazoning'inia. Hapo ndipo tone linapoingia, likaganda, likasinyaa na kuikumbatia kingo.

Mchanga wa mto una kasoro mbili. Punje zake zimekwisha kusagwa na maji zikawa butu, na vumbi lake likivutwa siku baada ya siku huleta ugonjwa wa mapafu usio na tiba. Kwa sababu hiyo nchi kadhaa zimeupiga marufuku katika kazi hii. Miongoni mwa vinavyotumika badala yake ni changarawe ya chuma, oksidi ya alumini na ganeti. Inastaajabisha kidogo kwamba miamba ya Taita Taveta imejaa ganeti. Aina ya kijani ya madini hayo ndiyo tsavoriti, kito kilichopewa jina la Tsavo mnamo 1974 baada ya mwanajiolojia Campbell Bridges kukigundua. Ganeti ya kupigia chuma ni ndugu yake mwekundu asiye na urembo, ambaye hakuna anayemvika shingoni.

Mwishoni mwa maandalizi, vumbi la changarawe hupulizwa au kufagiwa. Kipande cha utepe wa gundi kikibandikwa juu ya chuma na kung'olewa, kitaonyesha kama vumbi limebaki. Kuanzia hapo chuma hakiguswi kwa mkono mtupu. Jasho la kiganja lina chumvi na mafuta, vitu viwili vilivyochukua nusu siku kuondolewa.

Hewa, umande na saa

Chuma kilichopigwa changarawe ni kama kidonda kilichofunguliwa: kila kitu kina hamu nacho. Oksijeni na unyevu huanza kazi papo hapo, na katika hali ya unyevunyevu doa la manjano la kutu changa laweza kuonekana kabla ya saa moja kwisha. Miongozo mingi huruhusu saa nne hivi kati ya kupiga changarawe na kupulizia, na huhimiza muda huo ufupishwe hewa ikiwa nzito. Mwenye busara hutayarisha sehemu anayoweza kuimaliza, akaipulizia, ndipo akaendelea na nyingine.

Mtu atauliza: nchi kame kama hii ina unyevu gani? Jibu liko juu ya mlima. Kasigau ina kimo cha mita 1,641, na kilele chake hufunikwa na ukungu unaolisha msitu wake. Alfajiri chuma kilicholala nje huwa baridi kuliko hewa iliyokizunguka, na umande hukitua juu yake hata kama ardhi ni kavu. Kanuni inayofuatwa ni kwamba joto la chuma lipite kile kiwango cha joto ambacho umande huanza kutua kwa angalau nyuzijoto tatu. Kwa fundi asiye na vipimo, kanuni hiyo yatafsirika hivi: kazi isianze mapema mno asubuhi, na chuma kilichoshikwa na kitambaa kikavu kisiache unyevu kwenye kitambaa. Kuna mtego mwingine unaowanasa hata mafundi wazoefu. Mwali wa asetilini wenyewe hutoa mvuke wa maji unapowaka. Ukielekezwa kwenye chuma baridi, mvuke huo hugeuka matone juu yake, na metali ya kwanza kutua hutua juu ya maji. Ndiyo maana sehemu ya kuanzia hupashwa moto kwanza, kiasi cha nyuzijoto 100 na ushei, mpaka unyevu wote utoweke.

Kompresa nayo haiaminiki bila kuchunguzwa. Hewa inayotoka humo hubeba maji na matone ya mafuta ya mashine, na hewa hiyo ndiyo inayorusha changarawe na metali pia. Jaribio lake halina gharama: hewa hupulizwa kwa dakika moja juu ya kitambaa cheupe. Kitambaa kikiloa au kikipata doa, kazi inasimama mpaka vichujio visafishwe.

Mkono wa mpuliziaji

Kama maandalizi yamefanywa vyema, yanayobaki kwa mpuliziaji ni machache, ingawa yaweza kuharibu yote. Bastola hushikwa umbali wa sentimita 15 hadi 20 hivi kutoka kwenye chuma. Ikisogezwa mbali zaidi, matone hupoa na kuoksidika njiani na kufika yakiwa vumbi la metali lisilo na nguvu ya kunasa. Ikikaribishwa mno, joto hurundikana mahali pamoja. Pembe nayo ni muhimu. Bastola inapotazama chuma moja kwa moja, matone huingia mabondeni. Inapoinama chini ya nyuzi 45, kila kilele hukikinga kivuli cha nyuma yake, na katika kivuli hicho hujengeka vitundu badala ya utando. Kwenye miguu ya jukwaa iliyotengenezwa kwa chuma cha pembe, kona ya ndani ndiyo ngumu kuifikia na ndiyo inayohifadhi maji. Ukingo mkali wa nje nao hauna budi kulainishwa kwa tupa, kwani utando hukonda ukingoni na ndipo unapoanza kufunguka.

Namna ya kuyeyusha ina athari zake. Umeme hufikisha joto linalopita nyuzijoto 4,000, hali mwali wa asetilini hukaribia 3,100. Kwa hiyo utando wa umeme kwa kawaida hushika zaidi. Zipo pia bastola za mwali wa kasi zinazorusha unga kwa mwendo unaozidi ule wa sauti, na mshiko wake ni mkubwa kiasi kwamba gundi ya kuupimia hukatika kwanza. Hizo ni za mitambo ya viwandani na ndege, na hakuna atakayezibeba hadi Kasigau kwa ajili ya mguu wa tangi.

Aina ya metali haiwezi kupuuzwa. Mwongozo wa Chama cha Uchomeleaji cha Marekani umeweka kima cha chini cha mshiko kuwa megapaskali 3.45 kwa zinki na 6.89 kwa alumini. Kwa lugha ya mizani, hizo ni kama kilo 35 na kilo 70 kwa kila sentimita mraba moja. Alumini basi hushika zaidi, lakini zinki ni laini, ni rahisi kupulizia na hujitoa mhanga kukilinda chuma hata pale utando ulipochunwa. Metali nyingine ngumu huhitaji tabaka la kati la nikeli na alumini, ambalo hutoa joto la ziada linapopuliziwa na hivyo kukaribia kuungana na chuma. Zinki na alumini hazina haja nalo.

Unene na jua

Wengi hudhani kwamba utando ukiwa mnene ndivyo unavyoshika. Ukweli umeelekea kinyume. Kila tone linapoganda husinyaa, na kwa kuwa limenaswa haliwezi kusinyaa litakavyo, hubaki likivuta. Mivuto ya matone yote hujumlishwa. Katika utando mwembamba jumla hiyo ni ndogo kuliko mshiko. Utando unapozidi kunenepa, hasa kwa metali ngumu, jumla huupiku mshiko na kingo huanza kujikunja kama jani lililokauka. Njia ya salama ni kupulizia mikupuo myembamba inayokatizana, mmoja wa kwenda chini na mwingine wa kwenda kando, hadi kufikia mikromita 100 au 200 zinazotosha kwa zinki ya kawaida.

Jua la Taita huongeza lake. Zinki ikipashwa moto hutanuka mara mbili na nusu ya chuma. Kama joto lingepanda kwa nyuzijoto 40 toka alfajiri hadi adhuhuri, mita moja ya zinki ingetaka kurefuka kwa milimita 1.2, na mita moja ya chuma kwa milimita 0.48 tu. Tofauti hiyo hudaiwa kila siku kutoka kwa yale meno ya uso, mchana na usiku. Bahati njema ni kwamba zinki, kwa ulaini wake, hukubali kunyumbuka kidogo kidogo. Utando mgumu hauna hulka hiyo, na hapo tone lililonaswa vibaya hujulikana mapema.

Licha ya masharti yote hayo, mbinu hii imethibitisha thamani yake. Chama kile kile cha Marekani kilianzisha mnamo 1953 majaribio ya vipande vya chuma vilivyopuliziwa zinki na alumini, vikaachwa katika hewa ya viwanda, ya pwani na katika maji ya bahari. Taarifa iliyotolewa mwaka wa 1974, baada ya miaka 19, ilionyesha kwamba alumini yenye unene wa mikromita 80 hadi 150 ilikuwa bado imekilinda chuma dhidi ya kutu hata baharini. Vipande hivyo, hata hivyo, viliandaliwa ipasavyo.

Kuujaribu mshiko

Mhandisi hupima mshiko kwa kubandika kidude cha metali juu ya utando kwa gundi kali na kukivuta kwa mashine mpaka kitu kiachie. Mahali pasipo na mashine, upo uwezekano mwingine. Kila siku ya kazi, kipande chembamba cha chuma cha aina ile ile huandaliwa na kupuliziwa pamoja na kazi yenyewe, kisha hukunjwa kuzunguka nondo. Nyufa nyembamba mgongoni mwa kunjo si aibu. Utando ukiinuka kwa magamba, au ukiweza kubanduliwa kwa ncha ya kisu, kazi ya siku hiyo yote inarudiwa. Mwenye kulipa ana haki ya kukiona kipande hicho kabla ya kutoa pesa, na kamati ya maji inayoandika mkataba yaweza kulitia sharti hilo kwa sentensi moja ya Kiswahili.

Kwa kiungo kimoja kidogo, gharama ya bastola na kompresa huenda isistahili, na rangi yenye unga mwingi wa zinki ikachaguliwa badala yake. Hilo halibadilishi maandalizi kwa kiasi kikubwa. Rangi hiyo nayo hukataa mafuta na chumvi, na huitaka zinki yake iguse chuma kitupu ili ikilinde.

Iwapo utando umeachia baada ya miezi kadhaa, gamba lililoanguka lisitupwe. Ligeuzwe, litazamwe upande wa chini. Upande huo ukiwa laini na unang'aa, meno hayakuwepo: palisuguliwa brashi pakaitwa pameandaliwa. Ukiwa na vumbi jekundu, uso haukufagiwa, au ulikaa wazi upepo ukivuma. Ukiwa na kutu ya kahawia, ama umande ulitangulia ama chumvi ilibaki vishimoni. Na ikiwa chini pamebaki metali ya kijivu iliyong'ang'ania chuma, ilhali gamba limemeguka katikati, basi mshiko ulikuwa mwema na ni mshikamano ulioshindwa: bastola ilishikwa mbali mno, au metali iliungua njiani. Katika hali hiyo hakuna haja ya kulaumu changarawe. Kinachohitaji kurekebishwa ni umbali wa mkono.